Imepokelewa Karatu

Piyaya,
10 Februari 2025

Kaka Leonce,

Habari za Karatu. Huku hatujambo, ila jua ni kali na ng'ombe wamepelekwa mbali.

Nakuandikia kwa kalamu, na barua hii nampa Simel dereva akukabidhi mkononi, kwa sababu chombo chenu kimenishinda. Tangu Januari mmeondoa ile saa ya redio ya asubuhi tuliyokuwa tukisema na daktari kwa mdomo. Mkatuambia sasa kila kitu ni barua pepe kupitia redio hiyohiyo. Sawa. Naandika kwenye kompyuta ya kituo kama ulivyotufundisha, redio inapiga kelele zake, barua inakwenda hadi kwenye seva yako, na kwenye kioo yanatokea maneno "Imepokelewa Karatu". Maombi ya dawa kwa Eva wa stoo yanajibiwa siku hiyohiyo. Lakini Daktari Cresensia hajanijibu hata mara moja. Badala yake ananiandikia, "Muuguzi Nalotuesha, mbona huleti taarifa?" Namjibu. Wiki inayofuata, "Mbona hujibu?" Najibu tena. Mara tatu sasa. Mtu akitutazama atasema mmoja wetu amechanganyikiwa.

Tafadhali fungua hiyo mashine uangalie. Unajua huku simu haishiki, na mvua zikianza gari halivuki korongo. Nikikosa redio nimekosa kila kitu.

Wako,
Nalotuesha Senteu
Muuguzi Kiongozi, Kituo cha Piyaya


Karatu,
17 Februari 2025

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BARUA PEPE

Sista Nalotuesha,

Husika na somo tajwa hapo juu. Malalamiko yako yamepokelewa na kufanyiwa kazi.

Ili uelewe: kuanzia tarehe 13 Januari daktari na meneja wamehamia barua pepe za intaneti. Ninyi wa vituo vya mbali bado mko kwenye redio. Katikati nimeweka lango, yaani programu inayochukua barua za redioni na kuzipeleka intaneti, na za intaneti kuzileta redioni. Nimelisimika mwenyewe, na Meneja Felisiani amelikagua. Jana nimefanya jaribio. Nilimtumia daktari barua, ikafika ndani ya sekunde nne.

Kwa hiyo lango halina tatizo. Uzoefu unaonyesha kuwa matatizo mengi hutokana na mtumiaji. Hakikisha unaandika anuani vizuri, bila nafasi na kwa herufi ndogo. Naambatisha karatasi ya maelekezo, ileile mliyopewa kwenye semina.

Nakutakia kazi njema.

L. Hhando
Ofisa TEHAMA


Piyaya,
7 Aprili 2025

Bwana Hhando,

Kasaine amekufa.

Wewe humjui, kwako ni jina tu, kwa hiyo nitakueleza. Ni mtoto pekee wa mama Sitonik, jirani yangu, boma la pili kutoka kituoni. Miaka thelathini na moja. Siku za chanjo ndiye aliyekuwa akinishikia watoto wasumbufu huku akiwaimbia nyimbo za ndama, mpaka wakasahau sindano.

Tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, mbweha aliingia kwenye zizi. Mchana kweupe, haogopi watu, mate yanamdondoka. Kasaine na baba yake mdogo, Parmuat, wakamkabili kwa rungu. Walimuua, lakini kwanza alimng'ata Parmuat kiganjani na Kasaine shavuni. Walipofika kwangu sikuhitaji kuambiwa kwamba ni kichaa cha mbwa. Niliosha vidonda kwa maji na sabuni robo saa nzima, macho yangu yako kwenye saa. Chanjo hatuna. Chanjo inakaa Karatu, na mwongozo wenu ulioko ukutani unasema iombwe kwa daktari kwa barua pepe, na mgonjwa asipelekwe popote kabla daktari hajajibu. Eva wa stoo naye alikuwa likizo Machi nzima.

Nikaandika. Sina haja ya kuzitafuta, nimezikariri.

Tarehe 3: "Daktari, watu wawili wameng'atwa na mbweha mwenye kichaa, mmoja usoni. Naomba chanjo leo." Imepokelewa Karatu.

Tarehe 4: "Daktari, naomba jibu. Jeraha la usoni halisubiri." Imepokelewa Karatu.

Tarehe 6. Tarehe 10. Tarehe 17. Imepokelewa, imepokelewa, imepokelewa.

Korongo lilikuwa limejaa na gari halikupita wiki tano. Siku ya tatu Parmuat akasema yeye hawezi kungoja chombo kinachopiga kelele. Parmuat hajawahi kuniheshimu, mimi wala sindano zangu. Alichukua fimbo yake akaondoka kwa mguu kuelekea Loliondo, na Kasaine akainuka amfuate. Nilimshika mkono. Mimi. Nikamwambia, "Kaa. Nimewaandikia Karatu, wamepokea, tazama." Nikamwonyesha kioo. Hakujua kusoma. Aliweka kidole juu ya yale maneno akaniuliza, "Hapa ndipo wanaposema wanakuja?"

Nikamwambia ndiyo.

Parmuat alipata chanjo katika hospitali ya tatu aliyoingia. Akabaki hukohuko mpaka sindano zikaisha. Amerudi juzi, mzima, anakunywa chai.

Kasaine alianza kuumwa tarehe 27. Kwanza shavu lilimwasha. Halafu ikawa maji. Anaomba maji, kikombe kikikaribia mdomo koo linajifunga, anapiga yowe, kisha anaomba tena. Mwishoni wenzake wa rika walimfunga kwa shuka zake mwenyewe ili asijiumize, wakakaa naye, wanaume wazima, wanalia. Tarehe 31 saa mbili asubuhi akanyamaza. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni. Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi.

Nina swali moja. Barua zangu tano ziko wapi? Na usiniambie habari za anuani. Niliandika vizuri. Bila nafasi. Kwa herufi ndogo.

Nalotuesha Senteu


Karatu,
14 Aprili 2025

Sista Nalotuesha,

Pole kwa msiba.

Suala la barua ulizozitaja limefika ofisini na linachunguzwa. Ninachoruhusiwa kukueleza ni kwamba tarehe 9 Aprili lango lilifanyiwa marekebisho madogo ya kawaida, na sasa linafanya kazi vizuri. Meneja Felisiani anaelekeza kwamba mawasiliano yote kuhusu jambo hili yapite kwake, yasije kwangu.

Nasikitika sana.

L. Hhando


Karatu,
14 Aprili 2025

Muuguzi Nalotuesha,

Taarifa ya kifo cha Kasaine nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa maana kukaa nilishindwa. Mtu ameng'atwa usoni, na wewe, muuguzi wa miaka kumi na tano kazini, umekaa naye wiki nne bila kunipa habari! Chanjo ilikuwa kwenye friji, hatua ishirini kutoka mezani kwangu. Ningepata neno moja tu ningeibeba mwenyewe hadi korongoni na kuivusha kwa kamba.

Tangu Januari nimekuandikia mara sita nikidai taarifa. Hukujibu. Nikadhani ni uvivu wa kuandika, nikakuvumilia, na uvumilivu huo ndio ninaoujutia leo.

Hili ni onyo la mwisho. Utafika mbele ya kamati hapa Karatu tarehe 14 Mei, saa tatu asubuhi, ueleze kwa nini usiachishwe kazi na jina lako lisipelekwe kwa wanaosimamia leseni za wauguzi.

Dkt. Cresensia Silvanus


Piyaya,
21 Aprili 2025

Leonce,

Neno "Bwana" nimeliondoa. "Kaka" nililiondoa zamani.

Simel alileta barua mbili kwa mkono mmoja, yako na ya daktari. Ya daktari imenitukana, lakini imenitukana kama mtu. Yako haina hata harufu ya mtu. "Marekebisho madogo ya kawaida"! Barua yangu ilikufikia tarehe 8, Simel ameniapia kwamba ulimpokea mwenyewe. Tarehe 9 ukarekebisha. Ulirekebisha nini, kama hakikuharibika kitu?

Nikueleze jambo. Tarehe 10 nilituma taarifa ya mwezi kama nilivyotuma ya Januari na ya Februari. Baada ya saa moja daktari akajibu, "Asante. Hatimaye." Hatimaye! Nikamwandikia palepale taarifa ya kifo cha Kasaine, na kwamba nilimtumia barua tano. Akajibu kwamba meneja amekagua seva yote, hakuna kitu, na kwamba kusema uongo juu ya marehemu kutaniongezea kosa.

Hatua ishirini, Leonce. Alisema friji iko hatua ishirini kutoka mezani kwake. Nimepima hatua ishirini hapa kituoni. Unatoka mlangoni unafika kwenye tanki la maji. Mtoto anayejifunza kutembea anafika.

Huku wananiamkia bado, lakini hawakai. Akina mama wanaleta watoto kupimwa uzito na kuondoka bila hadithi. Juzi mwanamke mmoja aliniambia usoni, "Wewe na karatasi zako, ulimwambia akae." Nitamjibu nini? Mimi nilisema ukweli wa kioo chako.

Najua unajua. Mtu asiyejua angeniandikia karatasi mbili za maelezo, wewe ulivyo mpenda maelezo. Umeandika mistari minne kwa sababu umeficha. Sasa chagua. Kama una mama, na kama siku moja mama huyo atalala kwenye kitanda cha muuguzi kama mimi, sema.

Nalotuesha


Karatu,
28 Aprili 2025

Sista,

Barua hii haina YAH.

Barua zako ninazo. Zimo ndani ya bahasha hii, zote kumi na nne za tangu Januari, na zile tano za Machi nimezifunga peke yake kwa uzi.

Nieleze ilivyokuwa. Ile seva ina orodha ya majina inayoyahesabu kuwa ya nyumbani kwake. Barua ikija kwa jina lililomo kwenye orodha, haiipeleki popote, inaitia kwenye sanduku lake la ndani na kujibu kwamba imepokelewa. Eva wa stoo bado anasomea humohumo, ndiyo maana yeye alikujibu. Daktari alipohamia intaneti, nilitakiwa kulifuta jina la ofisi yake kwenye ile orodha, ili lango lijue kwamba za kwake sasa ni za kutoka nje. Sikulifuta. Ni mstari mmoja. Nilikuwa na hakika nimeufuta, hakika kabisa, ungeniapisha ningeapa. Basi kila ulichomwandikia kiliingia kwenye sanduku lake la zamani, ambalo halina msomaji. Na alichokuandikia yeye kilikufikia, kwa sababu njia ya kuja kwako niliiweka sawa.

Ulipolalamika Februari sikufungua mashine. Nilikuwa kantini. Nilimtumia daktari barua kutoka kwenye simu yangu, ikafika, nikafurahi. Barua ya simu inakwenda intaneti moja kwa moja, hailijui hata hilo lango. Lile halikuwa jaribio. Kisha nikakuandikia habari za herufi ndogo. Nilitaka ujue kwamba mimi ndiye ninayejua.

Tarehe 8 Aprili nilisoma barua yako nikiwa nimesimama na Simel. Tarehe 9 nilifungua sanduku la zamani. Zilikuwemo barua sitini na moja za vituo vyote vya redio. Nilimwita Meneja Felisiani aje aone. Alisoma mbili tu, akafunga mlango.

"Umewaambia wangapi?"

"Wewe tu."

"Sahihisha huo mstari, halafu futa sanduku lote. Aliyekufa amekufa, Leonce. Wafadhili wanakuja Juni, na mkataba wako unaisha Juni. Unajua nani anausaini."

Nilifuta, Sista. Siwezi kukuficha hata hilo. Lakini kabla ya kufuta nilizichapa zote na kuzinakili kwenye flashi, sijui kwa nini, labda kwa woga tu. Kisha nikakaa na bahasha kabatini siku kumi na tisa, nikakuandikia ile mistari minne.

Kila barua ina namba chini yake. Namba hizohizo ziko kwenye kompyuta ya kituo chako, kwenye orodha ya zilizotumwa. Watasema karatasi mtu yeyote anaweza kuchapa, lakini namba zikilingana hawana la kusema. Usimwachie mtu hiyo kompyuta, hata Simel. Ibebe mwenyewe mpaka Karatu.

Nimeandika pia maelezo yangu na kuyasaini, nayo yamo humu. Nikisikia bahasha hii imekufika, namwambia meneja kwamba nitasimama mbele ya kamati.

Sijui neno la kuomba msamaha linaloenea hapa, kwa hiyo sikuomba.

Leonce Hhando


Piyaya,
5 Mei 2025

Leonce,

Siku kumi na tisa.

Nilizifungua barua zangu nikazisoma moja moja kama za mtu mwingine. Ile ya tarehe 10 nilikuwa nimeisahau maneno yake. Nilikuwa nimeandika, "Daktari, kama nimekukosea kwa lolote, nigombeze baadaye, sasa nitumie chanjo." Umeona? Nilidhani amenikasirikia. Nilikuwa nambembeleza mtu asiyenisikia, na wewe uliketi kantini.

Unataka nikusifu kwa kuchapa? Sikusifu. Ungekuwa umekosea tu, mstari umekupita, ningekasirika na hasira ingeisha, maana mimi pia nimewahi kukosea dozi na Mungu akanisitiri. Lakini mara ya kwanza nilikuambia kuna tatizo ukaniambia tatizo ni mimi. Mara ya pili uliiona kweli kwa macho yako ukaifungia kabatini, huku mimi nikiitwa mwongo juu ya maiti. Hilo si la mashine. Usinieleze tena habari za mstari.

Na wale wengine? Barua sitini na moja, zangu kumi na nne. Hizo arobaini na saba ni za nani? Nani mwingine aliambiwa akae?

Kompyuta nimeitoa mezani. Naifunga kwenye shuka, nalala nayo, nitakwenda nayo.

Nalotuesha


Karatu,
8 Mei 2025

Sista,

Nimefukuzwa jana. Nilipomwambia meneja kwamba nitatoa ushahidi, alichukua funguo zangu na kumwita mlinzi anisindikize. Kwenye kamati sitaruhusiwa kuingia. Nakwenda kwetu Endamarariek. Barua ukimpa Eva zitanifika.

Umeuliza za wale wengine. Nimezisoma zote. Nyingi ni taarifa na maombi ya vifaa. Mbili ni za wagonjwa, wote wawili walipona. Nimempa Eva nakala za kila kituo azipeleke kwa wenyewe. Amekubali kabla sijamaliza kumweleza.

Leonce


Piyaya,
20 Mei 2025

Leonce,

Hukuwepo, na ni haki yako kujua, kwa hiyo nakuandikia. Usidhani ni urafiki.

Walikuwa watu watano mezani. Daktari Cresensia alikaa mwisho, hakunitazama. Meneja Felisiani ndiye aliyesoma mashtaka. Sauti yake nzuri kweli, kama ya msoma matangazo kanisani. Akamaliza, nikatoa barua zangu. Akacheka kidogo.

"Hizi kachapa kijana aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Karatasi mtu yeyote anachapa."

"Ndiyo," nikasema, "karatasi yeyote anachapa." Nikafungua shuka nikaiweka kompyuta mezani.

Niliiwasha. Ile mashine inachelewa kuwaka, unaijua. Wote walingoja, na wakati wa kungoja nilimwona meneja anapangusa miwani ambayo haikuwa chafu. Orodha ikafunguka. Nikamwambia daktari, "Soma wewe. Mimi nimeshaitwa mwongo." Akaja na kiti chake. Mimi nikawa nashika karatasi na kutaja namba, yeye anaitafuta kwenye kioo. Ya kwanza ikalingana. Ya pili. Ilipofika ile ya tarehe 10 alisoma namba, kisha akasoma barua yenyewe mpaka mwisho. Akavua koti lake jeupe, sijui kwa nini, akaliweka juu ya kiti.

"Felisiani," akasema, "uliniambia umekagua seva."

"Nilikagua, Daktari."

"Ulikuta nini?"

Meneja akaanza tena kupangusa miwani. Mwenyekiti akarudia swali. Ndipo wakasoma maelezo yako, ukurasa wote, na yale maneno yake ya mlangoni. Meneja akasema alikuwa analinda mradi. Daktari alipiga meza mpaka kalamu zikaanguka. "Mradi ni nini? Ni nini kama si yule mtu?"

Meneja amesimamishwa, na mambo yake yamepelekwa mbele. Onyo langu limefutwa kwa maandishi. Saa ya redio ya asubuhi imerudi, kila siku saa moja, na daktari mwenyewe ndiye anayeita. Aliniomba msamaha mbele ya wote. Nilimwambia nimesikia.

Waliniuliza kama urudishwe kazini. Nilisema sijui. Sikukutetea, na sikukushtaki.

Sasa la mwisho. Niliporudi Piyaya nilikwenda kwa mama Sitonik nikamsomea barua zote tano kwa Kimaasai. Alisikiliza huku anasuka kamba ya ndama. Nikamweleza kwamba kulikuwa na kijana Karatu, akakosea, akaficha, kisha akatoa. Akaniuliza, "Ana jina?" Nikamtajia. "Ana miguu?" Nikasema anayo. "Basi kwa nini ninasomewa?"

Anataka uje. Hataki bahasha.

Nalotuesha


Piyaya,
19 Juni 2025

Leonce,

Sikukusindikiza hadi kwenye lori la mnadani siku ile ulipokuja, na nilikuwa na sababu.

Ulipokuwa umekaa mbele ya mama Sitonik ukisema, na mimi natafsiri, kuna mahali sikutafsiri. Ulisema, "Sista alifanya kila alichopaswa kufanya, kosa ni letu sisi wa Karatu." Nililiruka. Nilijua nikilitamka kwa mdomo wangu, kwa lugha yake, nitakuwa nimejifunika kwa nguo yako. Kwa sababu miezi yote hii nilikuwa nimemweleza mama yule habari za redio, za seva, za meneja, na sikuwa nimemweleza kwamba Kasaine alisimama aondoke na mimi nikamshika.

Ulipokwisha kuondoka nilirudi nikamwambia.

Hakuacha kukamua. Akasema, "Najua. Aliniambia jioni ileile. Alikuja anacheka, akasema, 'Nalotuesha amenionyesha mahali wanaposema wanakuja.'" Halafu akanipa kibuyu nimshikie. Nilishika kibuyu mpaka akamaliza ng'ombe wote wanne.

Kwa hiyo nina hasira bado, lakini siwezi tena kuitupa yote upande wako. Hilo linanikasirisha zaidi.

Sasa, sababu ya barua hii. Siku mbili baada ya wewe kuondoka, watu wa mnadani walileta habari kwamba lori la ng'ombe limepinduka kwenye mteremko na wamo watu walioumia. Wengine wanasema ndilo ulilopanda, wengine wanasema ni jingine. Hapa nimeuliza kila anayepita. Mama Sitonik amekuja kituoni mara tatu. Hana anachoumwa. Anakaa kwenye benchi, anauliza, "Yule kijana alifika kwa mama yake?" Namwambia sijui. Anaondoka, kesho anarudi.

Nijibu kama ulifika.

Nalotuesha


Endamarariek,
24 Juni 2025

Sista Nalotuesha,

Nimefika.

Lori lilikuwa lilelile. Nimevunjika mkono wa kushoto na mbavu mbili, nililazwa wiki nzima, juzi ndiyo nimeletwa nyumbani. Wawili tuliokuwa nao huko nyuma hawakuamka. Ng'ombe tuliwasikia muda mrefu.

Barua yako imeletwa na Eva mwenyewe leo saa nne. Nilitaka kuijibu kesho, maana bado sijui kukaa sawa na huu mkono. Mama yangu akauliza ni ya nani, nikamsomea yote, pamoja na ya kibuyu. Yeye nilikuwa sijamweleza chochote, alidhani mkataba uliisha tu. Akaenda ndani akaleta kalamu, akaishikilia karatasi isitembee, na ameishikilia mpaka sasa ninapoandika. Amenikasirikia, hanitazami. Eva amezuiwa asiondoke mpaka nimalize.

Mwambie mama Sitonik nimefika kwa mama yangu.

Leonce